Mama Naye Alale Wapi?

Hotuba mbele ya wamama wafanyabiashara na waamini wa parokia, Katuba, Lubumbashi

Mama Prezida, Baba Padri, wazee wetu, wamama wenzangu wa soko, na ninyi vijana mliosimama nyuma kwa kukosa viti, jambo yenu wote.

Mmeniita kwa ajili ya vitanda. Mama Prezida alinieleza kwamba kikundi kimechanga mwaka mzima, pesa iko, na mnataka kununua vitanda na mashuka ya kupeleka pediatri, wodi ya watoto. Mkasema tumwite yule anfirmie mzee, muuguzi aliyestaafu, atuambie vitanda vya namna gani na vipelekwe wapi. Nimeitika. Ila msinihesabu kuwa mgeni mbaya: nimekuja kuwaomba msinunue vitanda hivyo. Nataka pesa ile ikapangishe nyumba.

(Watu walicheka. Mama mweka hazina hakucheka, na nilimwelewa.)

Kwetu hapa mtoto haingii hospitali peke yake. Anaingia na mama, au bibi, au dada yake mkubwa aliyeachishwa shule. Huyo ndiye gadimaladi, mlinzi wa mgonjwa. Yeye ndiye anayepika, kwa sababu hospitali zetu nyingi hazipiki. Anafua. Anakimbia famasi kutafuta sindano na seramu, anapeleka damu laboratwari, anasubiri karatasi, anairudisha kwa daktari. Usiku anakaa macho akitazama tone la seramu, likikaribia kwisha anakuja kutuamsha. Nimefanya kazi ya pediatri hadi kustaafu, na nasema bila haya kwamba bila wamama hao tusingemaliza hata zamu moja. Kazi wanayofanya ni ya hospitali, na hakuna anayewalipa.

Sasa mtu tunayemtegemea hivyo, usiku ukiingia analala wapi?

Wengi wenu mnajua jibu, ila mnalijua kwa kupita njiani. Saa za kutembelea zinapoisha, mlinzi wa mlango anapita akitangaza mtu mmoja kwa mtoto mmoja. Baba anatoka nje. Mama anatandika kitenge chini ya kitanda cha mtoto, juu ya simenti, na kichwa chake kinakuwa karibu na beseni. Huyo ni mwenye bahati. Asiye na bahati ni yule ambaye mtoto wake ametolewa kitandani lakini bado hajamaliza matibabu. Huyo hana hata chini ya kitanda. Analala barazani, au kando ya ukuta, au kwa mtu wa kabila lake aliyempokea vizuri wiki ya kwanza na wiki ya tatu akaanza kusalimia kwa mkato.

Tazameni mzigo wake siku moja. Beseni la plastiki, na ndani yake sufuria mbili, moja imeingizwa ndani ya nyingine. Mwiko. Unga katika mfuko uliofungwa mafundo mawili. Mbabula ndogo, jiko la makala yaani makaa, iliyotengenezwa kwa kopo la rangi lililotobolewa kwa msumari. Na chini kabisa ile bahasha kubwa ya picha za radiografia, ambayo usiku anailalia, kwa sababu ikilowa au ikiibiwa atalipa upya. Akitaka kwenda chooni anamwachia jirani mzigo. Akirudi, makala yamepungua.

Na ninyi mnaijua baridi yetu. Mwezi wa sita na wa saba usiku unashuka chini ya digrii 10. Mnapofika sokoni alfajiri mmejifunga vitenge viwili na kofia ya sufu. Mtu wa Kasenga aliyezoea joto la Luapula, au wa Pweto aliyezoea joto la ziwa Mweru, amekuja na kitenge kimoja, nacho amemfunika mtoto.

Mtaniuliza, kama mtoto ametolewa kitandani, kwa nini mama hajarudi kwao? Hapo ndipo penye shida yenyewe, na ndipo ninapotaka tukae.

Daktari anasema: "Nenda nyumbani, urudi baada ya wiki mbili." Kwa mama wa Kenya au Kampemba, mitaa ya hapa mjini, hiyo ni habari njema, analala kwake. Kwa mama wa Likasi, kilometa kama 120, ni nauli ya kwenda na kurudi kila mara. Kwa mama wa Kolwezi ni kilometa zipatazo 300. Kwa mama wa Pweto wakati wa mvua ni kupanda juu ya lori la mizigo, na dereva mwenyewe hajui atafika lini. Mtu huyo akirudi kwao, wiki mbili zile zinaishia njiani. Akibaki, hana pa kubaki. Daktari naye si mbaya, kitanda kinangojewa na mtoto mwingine.

Kuna ugonjwa mmoja ulionifungua macho kuliko mingine. Mwaka 1958 daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Uganda, Denis Burkitt, aliandika kuhusu uvimbe wa taya aliokuwa akiuona kwa watoto wengi. Ni saratani, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Mtoto wa miaka mitano, sita, anaanza kuvimba shavu, meno yanalegea, wazazi wanadhani ni jino. Uvimbe unakua kwa kasi ya kutisha, unautazama Jumatatu na Ijumaa si ule tena. Lakini ugonjwa huu una ajabu nyingine: ukipewa dawa yake unayeyuka nao kwa kasi ileile. Sindano ya kwanza, siku chache, shavu limerudi mahali pake. Mtoto anakula bukari, ugali wetu. Wodi nzima inaimba.

Basi jiwekeni mahali pa mama yule. Amelala chini ya baraza tangu alipofika. Unga umeisha. Nyumbani ameacha wadogo watatu kwa jirani. Anamtazama mtoto, anaona amepona kabisa, shavu laini. Mimi anfirmie namwambia abaki, kuna sindano nyingine na nyingine baada ya hiyo, kwa sababu mbegu za ugonjwa bado zimo mwilini ingawa hazionekani. Ananisikiliza kwa adabu, ananijibu ndiyo. Asubuhi hayupo. Kwenye daftari tunaandika kwamba familia imetoroka. Hatuandiki kwamba mlinzi aliwafukuza barazani usiku ule, wala kwamba mvua ilinyesha. Baada ya miezi miwili anarudi, shavu limevimba kuliko mara ya kwanza, na safari hii dawa haiuwezi uvimbe.

Dawa ya kwanza ilikuwepo. Kitanda cha mtoto kilikuwepo. Kilichokosekana ni mahali pa kungojea kati ya sindano na sindano.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 wanapata saratani duniani. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 wanapona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Tunaposikia hesabu hiyo tunawaza mashine na dawa za bei kali, na ni kweli vinahitajika, na ugonjwa mara nyingi unagunduliwa kwa kuchelewa. Ila sababu mojawapo kubwa ambayo madaktari wa saratani ya watoto wanaitaja kila mahali ni matibabu kuachwa katikati. Na hiyo haingoji mashine kutoka Ulaya.

Saratani ni mfano mmoja tu. Mtoto mwenye uvimbe wa figo anapewa dawa kwa wiki kadhaa kabla ya kupasuliwa, halafu anapewa tena baada ya kupasuliwa. Saratani ya damu ya watoto inatibiwa miaka miwili mpaka mitatu. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda, hahitaji kisu kikubwa siku hizi: kwa njia ya daktari Ponseti anafungwa plasta, inabadilishwa kila wiki, mara tano, sita, mpaka mguu unyooke. Kila wiki! Ukikosa wiki mbili, mguu unaanza kurudi ulikotoka. Mtoto aliyeungua kwa maji ya bukari, ambao ni wengi mno mjini huu, anabadilishiwa bandeji muda mrefu baada ya kutoka wodini. Watoto wenye ugonjwa wa seli mundu mnawajua, wamo katika familia zetu hapa hapa.

Na kuna jambo la homa. Mtoto anayepewa dawa za saratani, dawa hizo zinaangusha pia askari wa mwili. Homa ikimpata siku hizo, anatakiwa afike hospitali upesi, na aanze antibiotiki ndani ya saa moja tangu afike. Aliye mtaa wa pili anafika. Aliye mbali kule Malemba Nkulu anaweza kufika amekufa. Kwa hiyo nikisema nyumba iwe karibu, sisemi kwa ajili ya starehe ya mama. Umbali wenyewe ni ugonjwa.

Wengine mtasema haya ni mambo ya Wazungu. Tafadhali, Wazungu walichelewa. Nchini Uingereza, mpaka miaka ya 1950, hospitali nyingi zilimruhusu mzazi kumwona mtoto kwa saa chache, siku zilizopangwa, kwa sababu wauguzi waliona kwamba mama akija mtoto analia. Mama asipokuja, mtoto ananyamaza, nao wakadhani ametulia. Ilibidi watafiti waonyeshe kwamba mtoto yule alinyamaza kwa kukata tamaa. Mwaka 1959 tume iliyoongozwa na daktari Platt ndiyo iliyoishauri serikali yao kwamba wazazi waruhusiwe kuingia, na mama wa mtoto mdogo alale naye. Bibi zetu wangecheka.

Kwa ndugu zetu wa Gabon, hospitali ya Albert Schweitzer pale Lambaréné, iliyoanza mwaka 1913, ilijengwa kama kijiji. Mgonjwa alikuja na watu wake, wakapewa pa kulala, wakampikia. Wageni wengi waliikosoa kwa uchafu na mbuzi waliokuwa wakizurura uani, na pengine walikuwa na haki. Lakini hakuna aliyeuliza gadimaladi atalala wapi.

Na hapa petu Lubumbashi? Wazee mliozaliwa kambini mnaijua habari hii kuliko mimi. Union Minière, kampuni ya shaba ya wakati wa ukoloni, mwanzoni ilileta wanaume peke yao kutoka mbali kuchimba shaba. Walikufa, walitoroka, na kampuni ikachoka kuajiri upya kila mara. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadilisha hesabu: mfanyakazi aje na mke, apewe nyumba, watoto wazaliwe kambini. Haikufanya hivyo kwa upendo, tusidanganyane, ilitaka shaba yake. Ila iligundua kwamba mtu akiwa na jamaa yake karibu na jiko linalowaka, anavumilia kazi ngumu. Mtoto mwenye saratani ana kazi ngumu kuliko ya mgodi.

Nyumba za namna ninayoitaka mimi zilianza kwa jina kubwa huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1974. Mchezaji wa mpira wao wa Kimarekani, Fred Hill wa timu ya Eagles, alikuwa na binti mdogo mwenye saratani ya damu. Yeye na mkewe walilala kwenye viti vya hospitali na kula vyakula vya kununua kwenye mashine, wakawaona wazazi wengine waliotoka mbali nao wakiishi vilevile. Timu ikaanza kuchanga. Daktari Audrey Evans, mwanamke aliyetibu saratani za watoto mjini mle, alikuwa anaililia nyumba kama hiyo muda mrefu. Mikahawa ya McDonald's ikatoa fedha iliyopatikana kwa kuuza kinywaji cha maziwa cha rangi ya kijani, ndiyo sababu nyumba ikaitwa Ronald McDonald. Leo ziko mamia, nchi nyingi. Nawasimulia hayo ili mwone mlango ulivyofunguka: mzazi, daktari na wauza chakula. Hapa ukumbini nawaona wote watatu.

Na karibu zaidi nasi, Afrika Kusini, wazazi wenyewe waliungana mwaka 1979, chama chao kinaitwa CHOC, na kina nyumba za kulala karibu na hospitali kubwa za kule. Dar es Salaam, watoto wenye saratani wanaotibiwa Muhimbili wana nyumba wanakokaa na wazazi wao, chini ya shirika la Tumaini la Maisha. Huko nako wanakula ugali kama sisi.

Jambo moja la utafiti, kisha niache vitabu. Mwaka 2021 ulitangazwa uchunguzi mkubwa uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, juu ya watoto waliozaliwa na uzito mdogo sana. Badala ya kumpeleka mtoto chumba chake na mama chumba chake, waliwaweka pamoja tangu mwanzo, ngozi kwa ngozi, mama akiwa na kitanda chake ndani ya chumba cha uangalizi. Vifo vilipungua kwa asilimia 25. Walichoongeza hasa ni mama na kitanda cha mama. Nilipolisoma hilo nilikasirika, kwa jinsi tulivyowatoa wamama nje kwa miaka na miaka eti tupate nafasi ya kupita na kigari cha dawa.

Sasa nyumba yenyewe.

Sitaki jengo jipya. Tukianza kujenga, tutabishana juu ya matofali miaka mitano, na siku ya kuzindua tutaalika wakubwa. Nataka parseli ya kupanga, yaani kiwanja chenye nyumba, yenye vyumba vitano au sita, ukuta, maji ndani, na vyoo viwili vinavyoosheka. Iwe katika mitaa inayozunguka hospitali ya Sendwe, mahali ambapo mama mwenye mtoto mgongoni anafika hospitali kwa miguu kwa robo saa, hata usiku, bila kutafuta pikipiki. Nyumba nzuri iliyo mbali tuiache, hata ikiwa ya bure. Kuna mtu atatupatia ya bure huko mwisho wa Ruashi, nawaambia mapema, na tutashawishika.

Jiko liwe la pamoja, chini ya paa lakini wazi pande zote. Sheria ya kwanza ya nyumba, iandikwe mlangoni kwa herufi kubwa: mbabula haiingii chumbani. Kila msimu wa baridi tunasikia watu waliofunga mlango na kulala na makala yanayowaka, asubuhi hawakuamka. Mama wa Kasenga atasikia baridi, ataiingiza, ataamini kwamba moto uliokwisha kutoa moshi hauna ubaya. Kwa hiyo tununue mablanketi kabla ya kununua kiti hata kimoja.

Kila kitanda kiwe na chandarua. Chumba kimoja kiwe cha pembeni, cha mtoto anayekohoa au mwenye vipele, kwa sababu surua kwa mtoto aliye kwenye dawa za saratani inaweza kuwa kifo. Mama akija na mdogo anayenyonya, tuulize chanjo zake siku ileile, bila kumwaibisha.

Wababa nao. Hapa wamama wengine mtanipinga, na tulishapingana nyumbani kwa Mama Prezida. Nataka chumba cha wanaume, chenye mlango wake wa upande mwingine. Nimewaona wababa wengi wakirudi kijijini kwa kukosa pa kulala, halafu baada ya siku tatu daktari anasema mtoto apasuliwe. Mama anapewa karatasi asaini. Hawezi. Kwetu wamama wengi hawasaini mpaka baba, au mjomba, aseme. Simu haishiki. Siku zinapita, uvimbe haungoji. Baba akiwa mtaa wa pili, anakuja, anasaini au anakataa mbele ya daktari, na akikataa tunaweza kuongea naye.

Nani aingie? Asiamue mmoja wetu, la sivyo nyumba itajaa binamu zetu. Aamue asistanti sosyali, yaani afisa ustawi wa jamii, wa hospitali pamoja na anfirmie mkuu wa wodi, kwa karatasi: mtoto huyu, matibabu haya, mpaka tarehe hii. Tarehe inaweza kusogezwa na hospitali tu. Nyumba iwe na mama mlezi anayelala pale pale na analipwa mshahara, si shukrani. Tukimwambia afanye kwa ajili ya Mungu, miezi mitatu atakuwa ameanza kuuza makala ya nyumba, na kosa litakuwa letu.

Chakula, wahenga walishasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama anayekaa wiki sita hapendi kukaa kama ombaomba. Atafagia, atapika kwa zamu. Na hapa ndipo ninyi wa soko mnaponizidi akili. Mpeni beseni la mandazi, au mafungu ya kapenta, dagaa wetu, auze mbele ya mlango saa mtoto amelala, alete hesabu jioni. Mama mwenye faranga zake mkononi kila siku hatoroki sindano ya tatu. Mimi sina utafiti wa kuwaonyesha juu ya hilo, nina macho yangu.

Nyumba isilipe fakitire, yaani bili, za hospitali. Nalisema kwa uchungu. Mnajua kuna familia zinazozuiliwa wodini kwa deni, mtoto amepona na hawatolewi. Moyo utawatuma kulipa. Mkilipa ya mmoja, wiki ijayo wako kumi mlangoni, na kodi ya nyumba mmeila. Deni la hospitali litafutiwe mfuko mwingine, watu wengine, siku nyingine. Nyumba hii ina kazi moja, mtu alale karibu.

Kuna jambo moja zito ambalo watu wakianzisha nyumba kama hizi hawalisemi. Watoto wengine watakufa. Tukifungua leo, kabla ya Noeli atakuwepo. Mama aliyetoka Pweto atafiwa hapa, mbali na kwao, bila kilio, bila mtu wa kumshika. Nimeona mama akikabidhiwa mwili na jioni ileile akaambiwa aondoe vitu vyake, kitanda kinahitajika. Nyumba yetu iwe na desturi, na iwe na kiasi kimetengwa kwa ajili hiyo na kisiguswe kwa lingine: mama abaki mpaka atakapopata njia ya kurudi, wamama wa mtaa waje wakae naye usiku ule kama tunavyokaa kwenye kilio chochote, na tujue mapema mwenye pikapu nani, sanduku linatengenezwa wapi, na makaburi yapi yanapokea. Kusafirisha mwili mpaka Pweto ni ghali kuliko wengi wetu tunavyoweza, kwa hiyo mara nyingi mtoto atazikwa hapa. Basi kaburi lake liandikwe jina, na mama apewe karatasi yenye namba, ili siku baba akija aonyeshwe.

Pesa. Mwenye nyumba atataka garanti ya miezi kadhaa, ndio mji wetu. Mlichochanga kwa vitanda kinatosha garanti na miezi ya kwanza, nimeshapiga hesabu na Mama Prezida. Baada ya hapo ni kila mwezi: kodi, makala, sabuni, unga, mshahara wa mlezi. Vitanda vinanunuliwa mara moja na vinapigwa picha. Kodi ya nyumba haipigwi picha. Ndiyo maana wafadhili wanaikimbia, na ndiyo maana naileta kwenu, watu wa likelemba, mchango wa kupokezana zamu kwa zamu, mnaojua kutoa kila wiki bila makofi. Chukueni zamu moja katika mzunguko wenu, iwe ya nyumba. Ikifika zamu yake, nyumba inapokea kama mtu.

Na watoto wasipigwe picha. Hata kwa nia njema.

(Hapo nilikaa. Maswali yalikuwa mengi, naandika matatu.)

Kijana mmoja aliuliza kama watu hawatakataa kuondoka. Nilimjibu kwamba mama mwenye shamba Kasenga na watoto wadogo nyumbani anahesabu siku kuliko sisi. Watakaong'ang'ania watakuwepo, wachache, na ndiyo kazi ya ile karatasi yenye tarehe.

Baba Padri akauliza kwa nini tusiwagawe wageni katika familia za parokia, ingekuwa bure. Nilimwambia kwamba kwa siku mbili tatu ni jambo jema, na liendelee. Kwa wiki sita, mwenye nyumba anachoka, watoto wake wanakohoa, na mgeni anaogopa kuomba maji ya moto usiku. Tena familia zinazojitolea kwanza huwa ndizo zenye vyumba vichache. Alicheka akasema amewajua.

Mama mweka hazina ndiye aliyeuliza gumu. Vitanda vilishaahidiwa kwa daktari mkuu wa hospitali, mbele ya watu. Tukibadilisha, tutaonekanaje? Nilisema ahadi ni ahadi: vipelekwe viwili, na mashuka yake. Halafu twende watatu wanne kwa daktari huyo tumweleze kwamba vilivyobaki vimegeuka nyumba, na kwamba kila familia itakayolala kwetu inampunguzia yeye mtu mmoja barazani na kumwachia kitanda wodini. Mimi nitakuwemo, ananifahamu. Mama mweka hazina akataka hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, likaandikwa.

Jumamosi tunakwenda kuona parseli tatu. Tunaanzia kwenye geti la hospitali, kwa miguu, na mmoja wetu atabeba mtoto mgongoni ili tupime robo saa ile kwa kweli. Wanaokuja wampe jina Mama Sekretari mlangoni, na mwenye kujua mwenye nyumba asiyependa kupandisha kodi kila mwaka, aseme kabla ya Ijumaa.